Mistari Kumi na Miwili ya Zamu ya Maji

Mimi ni mtu wa kushuku, nasema mapema. Aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi Burundi akakuta shamba la babu yake mkononi mwa mtu mwingine, hafundishwi kushuku. Mwishowe mama alipata kipande kidogo bondeni Buhinyuza. Kiangazi maharage yake yanategemea zamu ya mfereji: familia kumi na mbili, siku kumi na nne. Akikosa siku yake, yanakauka.

Wakulima wa bonde wakaniomba niwapangie jedwali la zamu kwa kompyuta, eti mimi ndiye msomi wa Gitega. Msomi gani! Nilikuwa na chumba cha fotokopi Magarama pamoja na rafiki yangu, binti wa familia ya Kiislamu ya hapo hapo mjini, na Python, lugha ya kuandikia programu, nilikuwa najifunza kwenye simu. Sikutaka kuchosha vidole. Nikatengeneza mstari mmoja wa sifuri kumi na nne, sifuri moja kwa kila siku, nikauzidisha mara kumi na mbili, mstari kwa kila familia. Amri moja fupi, jedwali zima. Nikajisifu.

Nikaweka alama kwenye Jumanne ya mama. Nilipochapa karatasi, Jumanne ilikuwa ya familia zote kumi na mbili.

Ebo! Nikamtazama mwenzangu. Shangazi yake ameolewa Buhinyuza, analima bonde hilo hilo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikabadilisha neno la siri la kompyuta bila kumwambia, nikaandika upya. Jumanne ya wote tena. Nikalipuka, wateja wamejaa mlangoni: "Umetia mkono humu ili mama yangu akose maji!"

"Mi? Mi sijui hata kufungua hiyo kitu," akasema. "We iko unaniona mwizi, voilà." Akachukua mkoba wake, akaenda.

Kesho yake nilijifungia peke yangu. Nikaandika, Jumanne ya wote. Nimlaumu nani sasa, mjusi wa ukutani? Ndipo nikaiuliza mashine kila mstari umekaa wapi kwenye kumbukumbu yake. Ikanipa namba ile ile mara kumi na mbili. Kumbe ulikuwa mstari mmoja tu, umeitwa mara kumi na mbili. Ukiugusa hapa, umeugusa kote. Nikaiamuru itengeneze mstari mpya kwa kila familia, mmoja mmoja. Jumanne ikabaki kwa mama. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilimtukana mbele za watu, basi nikaenda kumwomba radhi mbele za watu, kwenye kibaraza chao, majirani wakisikia. Nikamweleza yote, mstari kwa mstari. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Kosa ya mashine umeipata," akasema. "Na kosa ile ya ndani yako, iliyokuambia ni mi, mbele hata ya kutafuta, hiyo umeitafuta?"

Nikasema hapana, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.