Guillemette na Njano ya Sufuriani

PARIS, 1696. Saa mbili asubuhi, jua limeshafika dirishani kwa Bwana Gaudry, muuza picha wa mtaa wa Saint-Jacques. Guillemette Hamelin analainisha ncha ya brashi kwa ulimi, kisha anamvisha bibi wa karatasini sketi ya njano. Bibi huyo ana upepeo mkononi, kiuno chembamba na jicho la dharau.

"Asiniangalie hivyo," anasema Guillemette, mjane wa miaka arobaini na mmoja. "Bila mimi angekuwa wino mtupu."

Kazi yake ni kutia rangi picha za mitindo ya mavazi. Kwa picha mia hulipwa sarafu kumi na tano za soli, bei ya mikate mitano hivi. Chini ya kila picha limechapwa jina la mchoraji na la muuzaji. Lake halimo.

Mwaka jana rangi nyekundu iliadimika. Guillemette akachemsha matunda ya porini pamoja na shabu, chumvi ya kushikiza rangi, kwenye sufuria yake ya supu, akapata njano iliyokolea kama asali, akazipaka sketi za pichani.

"Nani kakutuma?" Bwana Gaudry alifoka. "Ikulu wanavaa nyekundu!"

Hata hivyo aliziuza picha hizo. Wiki tatu baadaye, Guillemette akitoka kanisani, aliiona sketi ile ile ya pichani ikitembea barabarani. Akaifuata kwenye mvua hadi darajani. Mwenyewe, Bi Thévenin, mke wa mfanyabiashara wa hariri, akageuka.

"We mama, mbona unanifuata?"

"Sikufuati wewe, bibi. Naifuata sketi."

"Fundi wangu kaniambia ndio mtindo wa ikulu."

"Ikulu ipi! Hiyo imetoka kwenye sufuria yangu."

Bi Thévenin alicheka mpaka akashika ukingo wa daraja. Kesho yake akaingia dukani na wifi zake wawili, wakimuulizia "mama wa njano".

Hapo ndipo Bwana Gaudry alipoitaka siri ya rangi. Guillemette akakataa. Sasa amepewa hadi mwisho wa mwezi: aseme, au aondoke.

"Niliogopa, kusema kweli," anasema, mkono ukiendelea kupaka. "Kiti hiki nimekikalia miaka kumi na tisa. Lakini nikisema, rangi inakuwa yake, mimi nabaki mkono tu."

Ataondoka. Amepanga chumba cha ghorofa ya tano nyuma ya kanisa, chenye dirisha pana. Bi Thévenin ameahidi kumpelekea picha kumi na mbili za kutia rangi. Zaidi ya hizo, hana ahadi ya mtu yeyote.

Na wateja wasipopanda ngazi zote hizo?

Anaisafisha brashi kwa kitambaa, anacheka.

"Basi nitakaa na njaa yangu, ila kwenye mwanga mzuri."