Uji Uliopelekwa Maabara

Kwenye maabara ya maji walimwita Bi Vipimo, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Kazi yake ilikuwa kusaka kwenye maji kile ambacho jicho halikioni, na miaka mingi ya kazi hiyo ilimfanya asiamini glasi yoyote kwa weupe wake.

Baba yake, fundi redio, alianza kulalamika kwamba tumbo linamsokota. Kisha kiganja cha kulia kikalegea, bisibisi ikawa inamponyoka. Bi Vipimo alizijua dalili hizo: sumu ya madini ya risasi. Macho yake yakamwangukia mama wa kambo, aliyeolewa mwaka uliopita. Mama huyo alimpikia mzee uji wa peke yake, na mwenyewe hakuugusa, alisema unamchefua.

Siku moja Bi Vipimo alijifanya anaosha vyombo, akakwangua mabaki ya uji, akayatia kwenye chupa. Kazini aliyachoma yakawa majivu, akayayeyusha kwa asidi, akadondoshea iodidi ya potasiamu. Risasi ingekuwemo, yangetokea mashapo ya njano. Maji yakabaki meupe vilevile. Hakuridhika. Akaipeleka sampuli kwenye mashine inayotambua kila metali kwa mwanga wake. Nayo haikuona kitu.

"Mjanja huyu," akawaza. "Siku ile hakutia."

Hospitalini damu ya mzee ilikutwa na risasi nyingi. Bi Vipimo akatoka mbio hadi kwenye kibanda cha baba yake, amwambie aihame nyumba ile. Alimkuta ameinamia redio, waya wa risasi wa kuunganishia nyaya ameubana kwa meno, kama alivyozoea tangu ujana. Alimfuta baba yake midomo na vidole kwa kitambaa kibichi, akaondoka nacho. Maabarani, tone la iodidi lilipoanguka, njano ikatanda mara moja.

Mzee alitibiwa, nguvu zikaanza kumrudia. Bi Vipimo alimweleza yote, hata habari za uji, na mzee hakuwa mtu wa kuficha jambo kwa mkewe.

Alipokwenda tena kumjulia hali baba yake, mama wa kambo alimwekea kikombe cha chai mezani, akabaki amesimama.

"Kunywa, mwanangu. Au nikupe chupa ukapime kwanza?"

Bi Vipimo alikunywa yote, ikimuunguza ulimi. Kisha, bila kukusudia, akachungulia ndani ya kikombe kama kuna mashapo. Mama wa kambo alimwona.