Injini ya Baba Hakuiua Da Zuhura

Namba yake bado ipo kwenye simu yangu. Jana nimeipiga, ikaita, akapokea mama yake. Nikakata. Mama, nisamehe, nilikuwa mie.

Da Zuhura, fundi gari wetu wa Tandika, amefariki Jumanne. Presha. Kazikwa siku ileile, na mie hadi leo nasikia kama mnanitania.

Mie siandikagi humu. Waliosoma na mie wanajua, hata darasani nilikuwa najibu kwa kichwa. Leo naandika, napost kipande kipande, na sitafuta.

Nilipomaliza form four nikawa nashinda gereji kwake. Ilikuwa jirani na kwetu, na yeye hakuwahi kunilazimisha kuongea. Siku ya kwanza akanipa kitabu cha gari: "Nyie wa shule za Kiingereza, hebu nisomee hapa." Nikasoma "low oil pressure". Nikamwambia maana yake ni presha ya oil ya kushuka.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe! Gari ina presha ya kushuka, fundi ana ya kupanda. Tungechanganywa tungepona wote!"

Filter mpya ya kuchuja oil hakuifunga kavu hata siku moja. Anaijaza oil kwanza, anaupaka mpira wake kwa kidole, ndo anafunga. "Injini ikiwaka oil haijafika juu, vyuma vinasagana. Wewe ukiamshwa ukakimbizwa hapohapo utajisikiaje?"

Akiwasha hapigi resi. Tunaikodolea macho ile taa nyekundu ya oil kwenye dashibodi. Ikizimika, safi. Ikigoma, anazima gari papo hapo.

Mafundi wa upande wa pili wa barabara walikuwa wanamkejeli: "Zuhura, unawasha gari au unaibembeleza?"

"Naibembeleza. Nyie mkishaua injini za watu, msibani naitwa mie!"

Sasa ile ishu ya gari ya baba. Mnaijua upande mmoja tu.

Filter alinunua baba mwenyewe, ya bei chee. Da Zuhura akaifunga, akawasha, taa ikagoma kuzimika. Akazima gari. Akapima oil kwa kijiti, ipo ya kutosha. "Hii filter feki, oil haipiti vizuri." Akaondoka kwenda Buguruni kutafuta nyingine. Funguo akaniachia mie.

"Neema, baba akija mwambie gari isiwashwe mpaka nirudi. Umenisikia?"

Nikasema ndiyo.

Baba akaja na suti yake, anawahi send-off Goba. Akanyoosha mkono, nikampa funguo. Akawasha. Akaniuliza, "Hii taa nyekundu vipi?"

Nikasema, "Sijui, baba."

Nilikuwa najua. Baba akiwa na haraka namwogopa. Basi. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Injini ikanoki, ikafa kwenye vilima vya Goba. Kesho yake baba akaja gereji amewaka. "Nilijua tu! Gari unampa mwanamke, ona sasa, kaniulia injini!" Watu wamejaa. Da Zuhura akanitazama. Akasubiri. Mie nikaangalia viatu vyangu.

Akamgeukia baba. "Gari ilikuwa mikononi mwangu, mzee. Nisamehe."

Baadaye nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Hayo maneno ni yako, mdogo wangu. Mie siwezi kukusemea." Wala hakuninunia. Akanipa spana tukaendelea na kazi.

Wateja wakapungua. Nilikuwa nimekaa palepale nawaona wanampita wanaenda kwa wale wa ng'ambo ya barabara. Mwezi wa kwanza mie kimya. Wa pili kimya.

Juzi msibani, fundi mmoja ana sahani ya wali mkononi, anasema: "Marehemu alikuwa mtu wa watu, ufundi tu ndo haukuwa wake." Na watu wakaitikia!

HAPANA. Ufundi ulikuwa wake kuliko nyie wote mliokuwa mnakula pale. Filter ilikuwa ya baba. Ukimya ulikuwa wangu. Aliyemkimbia kwa sababu ya gari yetu, alimkimbia fundi aliyezima injini ile kwa mkono wake ili isife.

Kama maneno yale ndiyo yalimpandisha presha, Mungu anajua. Mie nalala nalo hilo. Msije kwenye comments kuniambia "pole, ulikuwa mtoto." Andikeni jina lake, andikeni alitengeneza gari gani kwenu.

Baba, shikamoo. Najua shangazi atakutumia screenshot kabla hata sijamaliza. Nisamehe kwa injini. Ila wale uliowaambia ni wengi, na wote watakuwepo kwenye hitma Ijumaa. Nenda ukawaambie. Usipoenda, nitasimama mie. Nitatetemeka, lakini nitasema.

Baba ameshaniita sebuleni mara mbili. Naenda.

Da Zuhura, lala bila lawama. Iliyobaki ni yangu.