Msalaba wa Zedekiah

Msimwonee Zedekiah huruma bado. Kwanza mjue alikuwa nani. Siku za kazi alizibua mabomba ya vyoo huko Mountain View na Kangemi, mtu wa miaka arobaini na tatu aliyetoka Magharibi bila cheti chochote. Jumamosi alikuwa mrushaji wa besiboli. Cheka ukitaka. Wanaoucheza mchezo huo hapa Nairobi ni wachache, lakini hao wachache walimjua kwa mkono wake wa kushoto. Glavu yake, ya kuvaliwa kulia, aliitafuta miezi minane kwenye mitumba ya Ngara.

Ujuzi wake ulikuwa kumnasa mkimbiaji. Mkimbiaji akishafika besi ya kwanza, kati ya vituo vinne anavyopaswa kuvizunguka, huanza kuiacha kidogo kidogo, akinyemelea ya pili. Zedekiah alimwacha anogewe, kisha mpira ukarudi pale pale, mlinzi wa besi akamgusa nao, kwisha habari yake. Sheria inakupa njia mbili tu. Ama utoe mguu nyuma ya kibao unachokanyaga, ndipo urushe, ama upige hatua moja kwa moja kuelekea besi na urushe huko huko. Ukishaunganisha mikono kifuani na kutulia, usiitenganishe bure. Ukikosea, kila mkimbiaji anasogea besi moja bila jasho. Hayo Zedekiah aliyajua kama Baba Yetu, na jioni baada ya jioni alimfundisha Quincy, fundi rangi aliyecheza timu moja naye, mpaka naye akayajua.

Ila alikuwa na tabia moja. Mamake, akiwa kitandani pa kufia, alimwapisha asianze jambo gumu bila ishara ya msalaba, tena asiifanye kwa kushoto. Basi Zedekiah akishatulia na mpira, glavu ilipanda kwenye paji la uso, ikashuka kifuani, ikagusa mabega. Lilikuwa kosa wazi. Lakini marefa wetu walikuwa watu wa parokia moja naye, na nani atamwadhibu mtu kwa msalaba? Walinyamaza miaka tisa. Wema gani huo? Walimharibu, na mimi siwasamehe.

Mwaka huu Gichuru, mwalimu wa michezo wa shule moja Loresho, alitafuta kocha wa warushaji. Kazi ya kudumu, na bima ya matibabu ya familia. Peres, mkewe Zedekiah, alikuwa na uvimbe tumboni ambao daktari alisema utolewe mapema, nao hawakuwa na njia ya kulipia.

"Jumamosi nitakuja nikuone," Gichuru alisema. "Nataka mtu wa kuwafundisha wanafunzi kunasa wakimbiaji kihalali. Nikiridhika, Jumatatu unaanza."

"Baba Ivyne," Peres akamwambia asubuhi ya Jumamosi hiyo, "msalaba ufanye kabla hujakanyaga kibao. Mungu hana haraka."

Akatii. Mchezo mzima alifanya msalaba mapema, na Gichuru akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ikafika zamu ya mwisho, timu ziko sare, wapinzani wana mkimbiaji besi ya kwanza na mwingine ya tatu. Yule wa besi ya kwanza alikuwa amejisahau, yuko mbali. Zedekiah akaunganisha mikono, akatulia. Hapo akamfikiria Peres na uvimbe wake. Mazoea yana tabu jamani. Mtu akishikwa na hofu hufanya alilozoea. Glavu ikapanda.

"Kosa la mrushaji," akasema refa, mama mmoja aitwaye Nthenya, mgeni kutoka Machakos. Akamwelekeza mkimbiaji wa besi ya tatu nyumbani, yaani kituo cha nne, pointi ya ushindi, na mchezo ukaishia hapo.

Zedekiah akamfuata. "Mama, nilikuwa naomba."

"Najua, baba. Hata mimi huomba. Lakini ulikuwa umeshatulia."

Gichuru alishuka uwanjani hana raha. "Huyu ataenda kuwafundisha watoto kosa," akasema, kisha akauliza kama yupo mwingine anayeweza. Quincy akapanda kwenye kibao. Mguu juu, hatua kuelekea besi, mpira. Akafanya mara tatu, bila doa.

"Nani alikufundisha?"

Quincy alimtazama Zedekiah, akatazama viatu vyake. "Nimejifunza mwenyewe. Kwa simu."

Asante ya punda mateke, na wachezaji wote waliokuwepo waliujua ukweli. Hakuna aliyefungua mdomo. Zedekiah naye aliokota glavu yake, maana angejitetea kwa lipi, mtu aliyetoka kufanya kosa mbele ya macho ya mwajiri?

Akarudi Mountain View kwa miguu. Peres alikuwa mlangoni.

"Wamekuchukua?"

"Wamemchukua Quincy."

Peres akakaa kwenye ngazi, taratibu.

"Angalau amesema wewe ndiye mwalimu wake?"

"Amesema," Zedekiah akajibu. "Mbele ya watu wote."

"Basi ni mtu mzuri. Hatatusahau," akasema Peres, akainuka kwenda kuweka chai, mkono mmoja tumboni.