Maungio Kumi na Moja ya Mwenzangu

Kilichoniuma si kwamba mwenzangu alijua umeme wa magari kuliko mimi. Hilo ningebishana nalo hata leo. Kilichoniuma ni namna alivyofunga tepu. Alifunga ungio la waya kama mtu anayefunga kidonda cha mwanawe: mizunguko mitatu, ncha ikaingizwa ndani isionekane. Mimi nilifunga kinachotosha.

Tulijifunza kwa fundi mmoja, Morogoro, benchi moja. Siku ya kuagana mzee yule alimpa yeye mita ya kupimia umeme. Mimi akanipa baraka. Tukarudi Kilosa, yeye na mita yake, mimi na taa ya kupimia niliyoitengeneza mwenyewe kwa balbu ya pikipiki na nyaya mbili.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa. Duka ambalo zamani lilikuwa na viberiti na muuzaji anayesinzia, sasa lilikuwa na sabuni za rangi tano. Nilizihesabu mara mbili, tano kweli. Basi mfanyabiashara mmoja wa pale mjini, mwenye malori ya mahindi na mashine ya kusaga, alikwenda Dar kutafuta matairi, akarudi na kigari. Kilikuwa juu ya lori, kimefungwa kamba kama mbuzi. Viti viwili, hakina milango wala paa, mwili wote ni mabomba ya chuma yaliyokunjwa, matairi yenye meno, injini ndogo mgongoni. Alisema atakiendesha shambani kwake bondeni, kule lori linakozama. Watoto wakakiita panzi.

Huko kilikotoka nyaya zote zilikuwa zimekatwa. Akaitwa mwenzangu. Siku nne alikaa chini ya yale mabomba na mita yake, akakifunga upya kuanzia betri mpaka taa ya nyuma. Siku ya tano akazungusha ufunguo, kikawaka mara ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, nilichelewa kuanza na niliwahi kuacha.

Mimi nilipewa rangi. Kila mali ya bwana yule ilikuwa ya kijani: malori, geti, mashine ya kusaga, hata ndoo za kupimia mahindi. Kitu kilichoingia kwake na rangi nyingine kilihesabika bado kiko njiani. Fundi umeme mzima nikashikishwa brashi, pamoja na kazi ya kufunga bampa na honi. Nikasema kama ni rangi, basi watanijua. Nikafungua kila kilichokuwa na bolti, nikapaka, ikakauka, nikapaka tena, nikarudisha kila kitu mahali pake. Koti mbili nzito. Kiling'aa kama jani la mgomba baada ya mvua.

Wiki moja tu. Kikazimika njiani kwenda shambani, kikarudi kikivutwa na ng'ombe wawili wa Msukuma mmoja aliyehamia kule bondeni.

"Shikamoo, mzee," Msukuma akamwambia tajiri. "Nimekuletea gari lako. Hawa wangu hawatumii ufunguo."

"Marahaba," tajiri akajibu, hakucheka.

Ukizungusha ufunguo, stata iliguna mara moja ikanyamaza, na taa za mbele zikafifia kama zimeona aibu. Tajiri akatuita wote wawili uani kwake. Sasa ieleweke kulikuwa na jambo. Tajiri alikuwa na chumba kimoja kwenye safu ya maduka yanayotazama stendi, chenye sakafu ya saruji na mlango wa chuma, na alitaka kumweka humo fundi umeme wa malori yake. Fundi mmoja. Mwenzangu alikuwa anafanyia kazi barazani kwa shangazi yake, mimi chini ya turubai. Chumba kile nilikipima kwa hatua kila nilipopita. Saba kwa tano.

"Nani ataniambia ugonjwa?" tajiri akauliza.

Mwenzangu akafungua mdomo, mimi nikamuwahi.

"Ni maungio, mzee. Nyaya zimeungwa haraka haraka, mtikisiko umezilegeza."

Mwenzangu akanitazama. "Haraka haraka? Siku nne?"

"Nipeni siku tatu," nikasema.

"Moja," tajiri akasema.

Tukakubaliana mbili. "Ukikiwasha, chumba chako," akasema. "Ukishindwa, anaingia huyu."

Asubuhi nikaanza. Mwenzangu alikuja, akageuza kreti la soda akakalia. Hakuna aliyemwalika. Nikafungua ungio la kwanza, nikakata tepu yake nzuri kwa wembe. Ndani shaba ilikuwa inang'aa, imesokotwa na kulehemiwa kwa risasi. La pili hivyo hivyo. Maungio yalikuwa kumi na moja. Nikayahesabu tena, kwa tumaini kwamba kuna la kumi na mbili limejificha. Hakuna. Kufikia adhuhuri yote yalikuwa wazi, na yote yalikuwa mazima, na mimi nilikuwa nimekasirika kama mtu aliyetukanwa mara kumi na moja.

"Unatafuta nini, ndugu yangu?" akauliza.

"Makosa yako."

"Ukiyaona niite. Nami nayatafuta siku nyingi."

Akaenda kula. Ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya asubuhi. Nikachukua taa yangu ya kupimia, mguu mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye hasi. Ikawaka vizuri. Nikahamisha ule mguu wa pili, nikaugusisha kwenye kichwa cha bolti isiyo na rangi iliyoshika injini. Ikawa nyekundu, hafifu. Basi betri ni nzima, ila umeme haupati njia ya kurudi. Unarudi kwa kupita kwenye chuma cha gari, halafu kwenye waya mweusi mnene tunaouita ethi, uliobanwa kwa bolti moja chini ya kiti. Nikaifungua bolti ile.

Chini ya waya palikuwa pa kijani. Koti mbili, laini, bila hata mkwaruzo. Niliukalisha waya wa ethi juu ya rangi yangu mwenyewe. Wiki moja umeme ulijipenyeza kwenye meno ya bolti, mtikisiko ulipoilegeza, basi.

Nilikwangua kwa bisibisi, nikamalizia kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Nikakaza. Nikazungusha ufunguo. Kikawaka, maungio yote kumi na moja yakiwa uchi.

Tajiri akatoka ndani akifuta mikono. Mwenzangu naye akarudi, akasimama pembeni. Akatazama kiti kilichoinuliwa, akatazama vumbi la kijani pale chini. Akajua. Nilimwona akijua.

"Ugonjwa ulikuwa wapi?" tajiri akauliza.

"Ethi, mzee."

"Nani aliifunga vibaya?"

Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa anatazama ukutani, ametulia. Angenyamaza. Angeniacha nichukue chumba, aende zake na siri yangu mfukoni pamoja na mita yake, na kila siku tukisalimiana stendi angekuwa yeye ndiye aliyenisitiri. Hata wema alitaka awe nao mwingi kuliko mimi. Hilo sikuliweza.

"Mimi," nikasema. "Ni rangi niliyopaka mimi. Nyaya zake hazina kosa."

Watu wengine wakishasema ukweli huona wepesi. Mimi nilikuwa naona hatua saba kwa tano.

"Umesema kweli, nimependa," tajiri akasema. "Lakini lori langu likizimika Dumila na mzigo, siwezi kungoja fundi anayeanza kwa kutafuta makosa ya mwenzake. Chumba anakaa huyu. Wewe rudisha tepu."

Nikarudisha. Mwenzangu akachuchumaa kunisaidia. Kwenye ungio la tatu akaufungua mzunguko wangu, akaufunga upya.

"Chumba ni kikubwa," akasema bila kuniangalia. "Tunaenea wawili."

"Nina kazi Mikumi."

Sikuwa na kazi Mikumi. Ila nikishasema neno sirudi nyuma, na wiki ile ile nikapanda basi na taa yangu. Barabara kuu ilikuwa na malori ya kutosha, na madereva wasio na muda wa kutazama tepu. Nikapata banda, baadaye na mita yangu. Tangu hapo bolti ya ethi ndiyo ya kwanza kufungua.

Mara moja moja dereva alikuwa ananiambia amesikia kuna fundi mzuri sana Kilosa, eti kazi yake haifumuki, je namjua?

"Namjua," nikasema. "Ila barabara ya kwenda huko mbovu."

Na kweli ilikuwa mbovu.