Cheo cha Morenna

Efrazia Sulle alikuwa Bibi Shamba wa Endasak kwa miaka tisa, na cheo hicho hakukipenda hata siku moja. Mwanamume mwenye cheti kama chake aliitwa Bwana Shamba, akaulizwa habari za mbegu na mbolea. Yeye wazee walimwelekeza kwenye bustani za mchicha. Ndiyo maana alisikiliza sana namna watu wanavyomwita, na hakuwa mwepesi wa kumwamini mtu.

Mwaka 1986 mke wa fundi mgeni wa mashamba ya ngano, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia sanduku la vitabu. Kimoja kilikuwa hadithi ya mapenzi ya nchi isiyokuwepo, yenye majoka yarukayo na wanawake mashujaa wapandao farasi kwenda vitani. Efrazia akaanza kukifasiri kwenye madaftari, awasomee akina mama wa kikundi chake kila Jumapili baada ya misa.

Shida ilikuja ukurasa wa tatu. Kwa Kiingereza mashujaa wa kike walikuwa na cheo chao, na wanaume chao. Shujaa mkuu wa hadithi, Morenna, Efrazia akamwandika “Bibi Morenna”. Alipofika mahali mhunzi kijana anampenda, Perpetua, mmoja wa wale akina mama, akauliza kwa upole, “Huyo bibi ana wajukuu wangapi?” Akajaribu “Bwana Morenna”, wakadhani ni mwanamume, wakaanza kutazamana. Aliposema “Mama Morenna”, wakasubiri mtoto aitwaye Morenna atokee. Mwishowe akakumbuka siku zake za Jeshi la Kujenga Taifa, ambako mkufunzi wao mwanamke aliitwa Afande sawasawa na wanaume. Akaandika “Afande Morenna”, na hakuna aliyeuliza tena.

Aliyekataa ni Mwalimu Nicodemo, mtu wa kusini, aliyempigia chapa kurasa zake kwa taipureta ya shule.

“Dada Efrazia, hili ni neno la kambini,” alisema. “Nani ataota mapenzi na afande? Weka Bibi.”

“Wewe piga kama nilivyoandika, Mwalimu.”

Akapiga, lakini uso wake haukuficha kwamba hakuridhika.

Msimu ule wafugaji na shamba la ngano walikuwa wakivutana juu ya njia za ng'ombe, na kila mtu alimchunguza mwenzake. Asubuhi moja gari la shamba likaja kumchukua Efrazia. Alikuwa ameitwa kwenye ofisi ya shamba, huko Getanuwas, na mkuu wa ulinzi, Mzee Bura, mwanajeshi mstaafu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kaa.” Mezani palikuwa na karatasi moja. Mzee Bura akaisoma polepole. “‘Afande Morenna atavuka mto na wapanda farasi kumi na wawili. Mlinzi wa ghala ni mtu wetu.’ Huyu afande yuko kambi gani?”

“Ni mtu wa hadithi, mzee. Hayupo.”

“Na mlinzi wa ghala?”

“Naye ni wa hadithi.”

“Ghala langu lina walinzi wanne,” alisema Mzee Bura. “Kitabu chenyewe kiko wapi?”

Kitabu kilikuwa kwa Nicodemo. Hapo Efrazia akatazama tena ile karatasi, akaona imepigwa chapa. Kurasa za chapa zilikuwa kwake na kwa mwalimu tu.

Akaambiwa alete madaftari yote, akayaleta. Kwa wiki tatu hakuwasomea akina mama. Alipokutana na Nicodemo njiani alitazama mlima, na salamu yake hakuiitikia. Kila neno alilowahi kuambiwa na mwalimu yule alilipima upya, na kila mara akaona hila.

Kisha madaftari yakarudishwa. Kila palipoandikwa Afande palikuwa pamekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake pameandikwa Bibi. Efrazia akaenda moja kwa moja shuleni, akayatupa mbele ya Nicodemo aliyekuwa akisahihisha.

“Umeshinda, Mwalimu.”

Nicodemo akafunua kurasa mbili tatu. Kisha akasogeza daftari la mwanafunzi mmoja. “Tazama mwandiko wangu. Nimewahi kuandika hivi?”

Hakuwahi. Herufi hazikufanana hata kidogo.

“Huo ni wa Mzee Bura,” alisema Nicodemo. “Nilienda kwake na kitabu cha Kiingereza, nikakaa kutwa nzima nikimfasiria mstari kwa mstari. Akasema hadithi ataiachia, ila neno la jeshi halichezewi.”

“Na ile karatasi?”

“Perpetua aliniomba ukurasa mmoja ajisomee nyumbani. Mumewe ni dereva wa shamba, na Perpetua akausahau ndani ya gari lake, ukafika kwa Mzee Bura. Nilidhani amekueleza.”

“Mbona wewe hukunieleza?”

“Ulikuwa huitikii salamu.”

Efrazia akaketi kwenye dawati. “Nilikuwekea ubaya moyoni, Mwalimu. Nisamehe.”

“Yameisha. Lakini Bibi bado ni zuri zaidi.”

Jumapili iliyofuata akina mama walikusanyika, Perpetua akiwa nyuma kabisa, macho chini. Efrazia akafungua daftari lenye mistari myekundu, na kila alipofika penye Bibi, akatamka Afande. Hakuna aliyeinuka kwenda kumsema kwa Mzee Bura. Hata hivyo, mpaka sura ilipoisha, hakuacha kutupia jicho mlangoni.