Ute kwenye mizizi ya nyanya za kaka yangu, na dawa ya maji ya mama

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi. Nimeona mtu humu analia mizizi yake inaoza kwenye haidroponiki, kile kilimo cha maji bila udongo, nikashindwa kulala.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Sisi ni Wakongo, vita ndiyo ilituvusha ziwa: mama, mimi na kaka yangu mkubwa Kasongo. Kwetu kaka mkubwa anaitwa yaya.

Mdogo wetu wa mwisho tulimzika mara tu baada ya kufika. Kipindupindu.

Yaya alisomea kilimo Lubumbashi. Pale tulipokaa udongo ni mchanga mtupu, kwa hiyo akakata mapipa, akajaza maji yenye mbolea, akafunika kwa mbao zenye matundu, akapanda nyanya mizizi ikining'inia majini. Siku hizi mnapiga nazo picha. Wakati ule majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa, mjomba wetu alikuwa anamtaka yaya akafanye kazi kwenye boti yake kule Pweto, ng'ambo ya Kongo, kwenye askari wa vita. Wakakubaliana: nyanya zikizaa, yaya anabaki nasi. Zikikataa, anavuka.

Mama alifunga na kusali ili zizae.

Basi bwana, mizizi ikaanza kugeuka kahawia, ikavaa ute unaoteleza kama makamasi. Harufu usiseme.

Yaya hakuogopa. Akaniambia, "Dawa yake ni bidudu bizuri. Tukibiweka bingi, bile bibaya bitakosa fasi."

Akachukua mboji iliyooza vizuri, akaifunga kwenye kitambaa, akailoweka kwenye ndoo na sukari kidogo. Mimi nikapewa pampu ya baiskeli nipige hewa, maana wadudu wale, wadogo wasioonekana kwa macho, nao wanahitaji kupumua. Mikono iliniuma, acheni tu. Maji yaliponukia kama udongo ulionyeshewa, tukaosha mizizi, tukabadilisha maji ya mapipa, tukamimina.

Ute ukapungua. Tukacheza mpaka mama akatoka kutazama.

Halafu ukarudi. Tukarudia dawa, ukarudi tena.

Pipa moja tu, lililobanwa nyuma ya tanuri la kukaushia samaki, lilikuwa na mizizi myeupe safi. Yaya alikuwa akichuchumaa pale muda mrefu, haelewi. Dawa ileile, maji yaleyale.

Nyanya nyingine zote zilikufa, na pipa moja halikutosha kumbakiza. Yaya ni mtu wa neno lake, akavuka. Mama alimsindikiza mpaka kwenye boti, hakutaka kumwachia mkono.

Muda ulipita. Asubuhi moja namwona mama anazunguka na chupa ya klorini, ile waliyogawiwa akina mama wa kanisa kwa ajili ya kipindupindu. Anatia kwenye ndoo, kwenye mtungi, mpaka kwenye maji ya kuku.

Nikamuuliza, "Mama, ata ya kuku?"

"Maji yote ya hapa natiaka dawa. Ata ile ya nyanya ya yaya yako nilikuwa natia, kila asubui. Ile moja tu ya nyuma ya tanuri, magoti yangu ilikatala kufika."

Daah.

Klorini ilikuwa inawaua wadudu wetu wazuri. Jua likipiga, nguvu yake inaisha, ute unarudi haukuti wa kuuzuia. Mama aliyesali mwanawe abaki ndiye aliyekuwa anaiua bustani yake, kwa mkono uleule aliotulindia uhai.

Sikumwambia. Ningemwambia nini, mama aliyezika mtoto kwa sababu ya maji?

Alifariki kabla yaya hajarudi. Yaya alipofika, tulikaa karibu na kaburi nikamweleza yote. Akauliza, "Alijua?"

"Hapana."

"Njo muzuri," akasema, yaani afadhali hivyo. Akalia, nami nikalia.

Hajapanda tena kitu chochote mpaka leo, na mimi inaniuma, maana alikuwa na mkono wa kupanda.

Kwa hiyo wewe mwenye ute kwenye mizizi: dawa ya wadudu wazuri inafanya kazi, pipa la nyuma ya tanuri ni shahidi wangu. Ila kabla ya kumimina, waambie wote nyumbani kwamba maji yale yana uhai. Anza na yule anayekupenda zaidi.

Nani mwingine yamemkuta? Semeni, nawasoma.